Gari Lililopakwa Shahamu

Kaka yangu Mahfoudh alikuwa mtu wa kupangusa. Tangu Unguja alikuwa hivyo. Akipewa kikombe atakipangusa kwanza, akikaribishwa kiti atakipangusa, na mkewe Kheiria alikuwa akidai kwamba usiku wa ndoa yao, kabla hajamshika kichwa kumsomea dua, bwana huyu alitoa leso akampangusa kipaji cha uso. Hilo silijui, sikuwemo chumbani. Ninachojua ni kwamba mtu wa namna hii Mungu akimpa gari, kampa kazi ya maisha. Na akilitoa gari hilo Unguja akalileta Maskati, basi balaa kajitafutia kwa mkono wake.

Gari lenyewe lilikuwa dogo, la buluu, la watu wawili tu, limelala chini chini, lenye paa la turubai la kukunjwa nyuma na injini iliyotaka kwenda mbio hata likiwa limesimama. Alilinunua kwa Mwingereza mmoja aliyekuwa akirejea kwao. Mahfoudh alikuwa karani wa bandarini, hanywi, havuti, hachezi karata, na hiyo ndiyo anasa pekee aliyojipa duniani. Jioni alikuwa akilitembeza taratibu mpaka Mnazi Mmoja na kurudi, juu ya lami laini, kisha anakaa kulipangusa kwa muda mrefu kuliko aliouendesha.

Baada ya yale ya Januari sitini na nne tukatoka. Wengine walitoka na dhahabu imeshonewa ndani ya pindo, wengine na hati za mashamba ambayo hayakuwa yao tena. Kaka yangu alitoka na gari. Namna alivyolivusha mpaka Mombasa sijaambiwa hadi leo, na nimeshachoka kuuliza.

Tukiwa hapo Mombasa tunangoja meli, binti yake Muhsina alilia. Alikuwa na miaka kumi na mitatu hivi, mtoto wao wa pekee, na alikuwa akiililia nyumba yetu ya Malindi ya Unguja, kwa sababu maharusi wote wa ukoo walitolewa katika mlango ule na yeye alikuwa akingoja zamu yake. Mahfoudh akachukua kile kitambaa cha gari akampangusa machozi.

"Nyamaza mwanangu," akamwambia. "Nyumba sikuweza kukubebea. Lakini gari hili unalijua tangu mdogo. Siku ya kwenda kwa mumeo utakwenda ndani yake, na litakuwa zima, linang'ara. Nnakuahidi."

Nilikuwepo, nikasikia. Muhsina akanyamaza. Mahfoudh si mtu wa kuahidi ovyo ovyo, na tangu siku ile gari lile likawa na miadi. Watu walidhani analipenda kupita kiasi. Alilipenda, sikatai, lakini alikuwa akilitunza kwa ajili ya safari moja.

Maskati gari lilikaa forodhani mpaka likaota vumbi kama mkate uotavyo ukungu. Siku zile huendeshi gari lako kwa kuwa tu unalo. Kibali kilikuwa kikitoka juu kabisa, na hatukujua nani alitusemea. Kilipotoka, Mahfoudh alikuwa keshapata kazi ya kuandika barua za Kiingereza kwa tajiri mmoja wa Matrah, na sisi tunakaa nje ya lango la Maskati, nyumba moja sote wanne, yeye, mkewe, binti yao na mimi dada yake. Akalileta gari nyumbani kwa mwendo wa harusi. Watoto wakalikimbilia, wazee wakasimama kulitazama, na jirani yetu mmoja akauliza kwa Kiarabu kama hilo jingine, yaani nusu iliyobaki, linakuja na meli ya pili.

Barabara ya maana ilikuwa moja, ile inayopanda mlima kwenda Matrah. Ukipita Ruwi ni changarawe na mawe, na ukitaka kwenda mbali zaidi, Ghubra au Hail, unangoja maji ya bahari yatoke ndipo upite ufukweni juu ya mchanga mbichi. Gari letu tumbo lake halikufika shibiri mbili juu ya ardhi. Kila jiwe la Omani lilikuja kuligongea hodi.

Hayo ni ya kiangazi. Msimu wa baridi ndio uliokuwa adui. Baridi yenyewe si kitu, shuka mbili zinatosha. Tabu ni vinavyofuatana nayo. Upepo wa shamali unavuma siku mfululizo, unainua bahari na kuimwaga barabarani ikiwa chumvi tupu. Mvua ikinyesha saa mbili, mabonde yanashusha tope na mawe na miti mizima. Tope likikauka linakuwa gumu kama saruji, nalo ndani lina chumvi vile vile. Mahfoudh akirudi Matrah jioni alikuwa akilizunguka gari, uso umemsawijika, kama mtu anayemwangalia mgonjwa.

Akaanza vita. Alikata tairi kuukuu akaning'iniza vipande nyuma ya magurudumu ili mawe yasiruke. Viti vya ngozi akavipaka mafuta ya nazi ambayo Kheiria alijitengenezea ya nywele. Mimi ni mshonaji, basi nikaombwa kulishonea gari vazi, nikalishonea kwa tanga kuukuu, lenye mikanda na vifungo, na mfuko maalumu wa kila kioo cha pembeni. Ndani ya vazi akalivisha kanga mbili za mkewe, kwa sababu tanga lingekwaruza rangi. Nilimwambia Kheiria kwamba gari limemzidi mavazi. Hakucheka.

Hakucheka kwa sababu ya maji. Kisima cha karibu kilikuwa na maji ya munyu, ya kufulia. Maji matamu yaliletwa na punda kutoka mbali, na katika hayo ndoo moja, kila Ijumaa, ilikuwa ya gari. Mahfoudh alishikilia kwamba huwezi kuosha chumvi kwa maji ya chumvi. Tukanywa chai ya munyu ili gari lioge.

"Baba Muhsina," Kheiria akamwambia Ijumaa moja, "chai yangu imekuwa mchuzi wa bahari. Gari halina ulimi wa kuonjea. Mimi nnao."

"Mama Muhsina, vumilia. Si la milele."

"La milele ni lipi? Miaka mitatu hii."

"Mpaka aolewe," akasema, akaibeba ndoo akaenda zake. Kheiria aliijua ile ahadi kama nilivyoijua mimi, ndiyo maana alinuna tu, hakumficha ndoo.

Chumvi haikujali ahadi. Siku moja Mahfoudh aliinua mkeka wa chini ya miguu akaona kutu imekula sakafu mpaka mwanga unapita. Akakaa pale akiutazama mwanga ule. Nilimwonea huruma ya kweli. Muhsina alikuwa na miaka kumi na minane, wachumba walikwishaanza kupeleleza, na gari lilikuwa likiyeyuka.

Dawa aliipata kichwani mwake mwenyewe, na ilitoka bandarini kwetu. Kule alikuwa akiwaona mabaharia wakiviweka vyombo juu ya mchanga wakavipaka: chini shahamu, mafuta ya mnyama, iliyochanganywa na chokaa, juu sifa, ambayo ni mafuta ya ini la papa. Chombo kikipakwa hivyo kinakaa ndani ya chumvi miaka na miaka. Sasa kama dawa inatosha kwa chombo kinachoishi baharini, kwa nini isilitoshe gari linalorushiwa matone tu? Alituuliza hivyo huku macho yakimng'ara.

Akanunua shahamu Matrah, akanunua debe la sifa, akavichemsha nyuma ya nyumba. Kwa mara ya kwanza majirani wakaja kutulalamikia rasmi. Akalala chini ya gari na kifagio, akapaka. Akapaka sakafu, akapaka mikono ya magurudumu, na alipoona inakaa vizuri akanogewa, akapanda kwenye madigadi, yale mabati ya juu ya magurudumu, na pindo za milango. Alipotoka alikuwa ananuka kama soko la papa saa ya adhuhuri. Kheiria akampokea kwa mti wa kuanikia nguo, akamsogeza nao mpaka kisimani.

Sasa, kwetu Unguja mbuzi anakula majani, na akizidiwa na tamaa anakula kanga iliyoanikwa. Maskati majani yako wapi? Mbuzi wa huku analishwa dagaa wakavu na kokwa za tende, ng'ombe naye vivyo hivyo, na ukinusa maziwa yake utajua wavuvi wamepata nini. Jambo hili tulikuwa tukiliona kila siku, tunalicheka, tunawaandikia ndugu zetu Dar. Hakuna hata mmoja wetu aliyeliunganisha na gari.

Asubuhi Kheiria akanigongea mlango. "Masouda, njoo uone. Kakaako ana wageni."

Mbuzi wa mtaa mzima walikuwa pale. Lile vazi nililolishonea gari walikwishalivua. Baadhi walikuwa wamejilaza chini ya gari kama mafundi, wanalamba bila haraka. Mmoja alisimama kwa miguu ya nyuma, anashughulikia digadi. Beberu mwenye ndevu alikaa kwenye kiti cha dereva anatafuna ukingo wa turubai, na alivyotutazama ungedhani anatuuliza tunakwenda wapi.

Mahfoudh akatoka na maji ya udhu bado yanamchuruzika. Akasimama, kitambaa mkononi.

"Waache," Kheiria akamwambia. "Wanakupangusia."

Mtu mwingine angeacha. Yeye alizungushia gari ua wa miiba ya mkunazi, akapaka upya, na kila alipolitoa kwenda Matrah mbuzi wawili watatu walikuwa wakilisindikiza mpaka mlimani. Mji mzima ukamjua. Lakini kutu ilisimama, na hilo alitutangazia kila wiki.

Posa ikaja kutoka Hail. Kijana aliitwa Bakhit, mpole, mwenye shamba la mitende na babake, watu ambao hawakupata kutoka Omani hata siku moja. Mamake, Bi Sayyida, alikuja kumtazama msichana. Alikuwa mwanamke mrefu, mkavu wa maneno. Alikula halua yetu kidogo, akatusikiliza tukizungumza Kiswahili kati yetu, kisha akauliza swali moja tu kwa Kiarabu: binti huyu anaweza kutunza mbuzi? Sisi tulimfundisha Muhsina kusoma, kushona, kupika biriani na visheti. Tukatazamana. Muhsina akajibu mwenyewe, kwa adabu, kwamba atajifunza. Bi Sayyida akasema inshallah, kwa sauti ile ambayo huwezi kujua imekaa upande gani. Alipoondoka Kheiria alinung'unika kwamba wanatuona wageni laini, watu wa karafuu, na kwamba mwanawe atakwenda kukaa kwa watu wasiomheshimu. Na mimi niliogopa hivyo hivyo.

Harusi ikapangwa mfunguo mosi, mwezi unaofuata Ramadhani, na mfunguo mosi wa mwaka ule uliangukia katikati ya baridi. Siku mbili kabla, mvua ikanyesha. Lori la kuwachukua wanawake lilikwishakodiwa, na Kheiria akasimama mlangoni na mikono kiunoni.

"Apande lori na sisi," akasema. "Ukikwama naye majini, ahadi yako itamkausha?"

"Nliahidi, Mama Muhsina."

"Ulimwahidi mtoto. Sasa mtu mzima, muulize."

Muhsina alikuwa amekaa ndani, hina mpaka magotini, haruhusiwi hata kuokota sindano. Akasema kwa sauti ndogo, "Nnakwenda na baba." Kheiria akashusha mikono.

Hapo ndipo likazuka jambo ambalo katika miaka yote mitano hakuna aliyelifikiri. Bi harusi haendi bila somo wake, yule mwanamke wa kumfunda, na somo wa Muhsina ni mimi shangazi yake, na gari ni la watu wawili. Hatimaye nilikunjwa nikawekwa nyuma ya viti, pale pa kukunjia turubai, magoti kidevuni, na bahasha, lile furushi la nguo za bi harusi, tumboni. Kabla ya hapo tulilifukiza gari udi kama tunavyomfukiza mwari, chetezo juu ya kiti, mpaka juu likanukia kama peponi. Chini lilibaki papa.

Tukatoka asubuhi, lori nyuma yetu na vigelegele. Mahfoudh aliendesha kana kwamba amebeba mayai. Kwenye bonde la Ghubra maji yalikuwa bado yanapita. Akasimamisha, akapandisha kanzu, akavuka kwa miguu kupima kina, akarudi, akapangusa miguu, akatuvusha. Maji yakapiga chini ya sakafu, na mimi nikasoma yote niliyoyahifadhi. Tukatoka ng'ambo wakavu.

Halafu tukashuka ufukweni. Maji ya bahari yalikuwa yamekwishatoka, yamekwenda mbali, na mchanga umelala mbele yetu umenyooka, mgumu, hauna hata jiwe. Ukienda polepole pale unazama, kwa hiyo Mahfoudh akakanyaga mafuta. Gari likaguruma. Miaka mitano lilikuwa likijikokota kati ya mawe, na sasa likakumbuka kazi yake. Upepo ukaninyang'anya ukaya wa kichwani, Muhsina akacheka ndani ya shela lake kwa sauti aliyokuwa nayo utotoni, na mawimbi yakaturushia povu likatapakaa juu ya boneti ya buluu. Nilimtazama kaka yangu kama atasimama kupangusa. Alikuwa akicheka naye.

Hail ilitusikia kabla haijatuona. Watu wakatoka mitendeni, Bi Sayyida mbele yao na chetezo mkononi, amesimama wima. Na kabla hatujasimama vizuri, mbuzi wa Hail wakaipata ile harufu. Walikuja mbio kutoka kila ua, wakalizingira gari, wakaingia chini, wakalamba magurudumu yakiwa bado ya moto. Watoto wakaanza kucheka, kisha vijana. Mahfoudh akawa mwekundu. Mimi nilitamani nimezwe na mchanga, na nikamwambia Muhsina ashuke haraka tuingie ndani.

Muhsina akasimama ashuke. Sakafu ikaitika, kraa, na mguu wake ukapita.

Kumbe sakafu haikuwepo tena. Kutu ilikuwa imekwishaimaliza zamani, na kwa muda wote ule tulikuwa tumekalia shahamu na mkeka. Muhsina akawa amesimama ndani ya gari na mguu wake mmoja, wenye hina ya siku tatu, umekanyaga mchanga wa Hail, na mbuzi mmoja ameanza kuulamba. Hakulia. Akainama, akamsukuma yule mbuzi kichwa kwa upole, akamwambia kwa Kiarabu, "Ngoja kwanza nishuke, nitakulisha."

Kicheko kikakoma. Bi Sayyida akampa mtu chetezo. Yule mwanamke mrefu akapiga magoti mchangani, akauvuta mguu ukatoka kwenye tundu bila kukwaruzika, kisha akachukua pindo la ukaya wake mwenyewe akaupangusa. Aliupangusa shahamu, akaupangusa kutu, kidole kwa kidole, taratibu.

"Mwanangu," akasema, "umeshaingia kwetu, hata mlango hujaufikia."

Nikamgeukia kaka yangu. Alikuwa bado ameshika usukani, anautazama mkono ule ukipangusa. Machozi yalikuwa yakimtoka na hakuwa na habari ya kitambaa.

"Limefika, Masouda," akaniambia. "Umeona? Limefika."

Halikurudi. Sisi tulirudi na lori, na gari likabaki Hail chini ya kibanda cha makuti, sakafu yake ni mchanga. Mahfoudh alipanda lori akiwa mchangamfu, akaimba na wanawake mpaka Ruwi. Kheiria pia alikuwa mchangamfu. Wiki nzima alipokea majirani na kuwasimulia habari za mbuzi, akaziongezea chumvi, akacheka kuliko wote.

Ijumaa punda wa maji akaja kama kawaida. Mahfoudh akajaza ile ndoo ya gari, akaibeba mpaka uani, akasimama nayo pale palipokuwa pakikaa gari, ndani ya ua wa miiba. Kisha akageuka, akaja kuiweka kwenye mlango wa jiko.

Kheiria akaitazama. "Ya nini hii?"

"Yako," akasema Mahfoudh.

Hapo ndipo Kheiria alipokaa kitako chini, akajifunika uso kwa kanga, akamlilia mwanawe. Mahfoudh akaketi karibu yake, wala hakupangusa sakafu kwanza. Mimi nikaichukua ndoo nikaenda kubandika chai.